Baridi Hainunuliwi Mara Moja

(Hii ni hotuba tuliyoitoa mjini Arusha mbele ya wenye mabucha, hoteli na maduka ya maziwa, viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima na wafugaji wa Meru, na mafundi wenzetu wa majokofu. Tumeombwa tuilete gazetini kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Hatukuja hapa kuuza mitambo, wala kutangaza duka la mtu. Tumekuja kusema habari moja tu, nayo ni habari ya ufagio na mtambo wa baridi. Wapo watakaocheka. Lakini twatumaini kwamba baada ya mkutano huu kila mmoja atarudi kwake akatazame nyuma ya jokofu lake, mahali ambapo pengine hajapatazama tangu siku lilipoletwa.

Miaka michache iliyopita tuliitwa asubuhi na mapema katika kituo kimoja cha kukusanyia maziwa huko kwenye miteremko ya Meru. Jina lake hatulitaji, maana hatukuja kumwaibisha mtu, na vituo vya namna ile si kimoja. Tulipofika tuliwakuta akina mama wamesimama nje na madumu yao. Wengine walikuwa wameteremka kwa miguu kutoka karibu na msitu tangu saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja na lita zake nne au sita. Ndani, tangi la kupozea lilikuwa na maziwa ya jana yake, zaidi ya lita mia saba. Mtambo ulikuwa umezimika usiku. Saa ngapi? Hakuna aliyejua, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kutazama. Maziwa yote yalikuwa yamechacha, yakamwagwa mbele ya macho ya wale waliokamua.

Mama mmoja mzee akatuuliza, "Wanangu, hiki chuma kimekufa kwa ugonjwa gani?"

Tukamjibu kweli. "Kimekufa kwa vumbi, mama."

Hakuamini. Tukamwonyesha. Kompresa, ambayo ndiyo moyo wa mtambo, ilikuwa imeungua. Na iliungua kwa sababu kondensa, yaani ule wavu wa mabomba na mabati membamba unaotoa joto nje, ulikuwa umezibwa na vumbi, makapi ya majani ya ng'ombe na manyoya ya kuku, hata ukawa kama umevikwa blanketi. Brashi laini na nusu saa ya kazi kila juma vingetosha kuyaokoa maziwa yale. Badala yake kompresa nyingine ilibidi iagizwe, na kwa siku kumi na mbili akina mama wale hawakuwa na mahali pa kupeleka maziwa ya jioni.

Ndugu wananchi, hilo ndilo jambo lililotuleta.

JOKOFU HALITENGENEZI BARIDI

Watu wengi hudhani kwamba jokofu ni kiwanda cha baridi, kwamba ndani yake mna kitu kinachozaa baridi kama vile jiko linavyozaa moto. Sivyo. Jokofu ni mchukuzi. Kazi yake ni kulichukua joto lililomo ndani na kulitupa nje. Gesi iliyomo ndani ya mabomba hulibeba joto hilo kama ndoo inavyobeba maji, kompresa huisukuma, kondensa huimwaga ndoo hiyo hewani, kisha gesi hurudi ndani kuchota tena. Usiku na mchana ni safari hiyo hiyo.

Ukilifahamu hilo, mengine yote utayafahamu. Ikiwa mahali pa kumwagia pamezibwa, mchukuzi atazunguka na ndoo iliyojaa. Kompresa itafanya kazi maradufu na itakula umeme mwingi. Mwenye duka ataona jokofu lake linanguruma mchana kutwa, naye atafurahi akisema, "Mtambo wangu ni hodari, haupumziki." La hasha! Mtambo usiopumzika ni mgonjwa. Mtambo mzima huwaka, ukafikia baridi uliyoagizwa, ukanyamaza, kisha ukawaka tena.

Katika historia ya kazi hii kuna kisa ambacho hatuchoki kuwasimulia vijana wetu. Mwaka 1882 merikebu iitwayo Dunedin ilitoka New Zealand kwenda London ikiwa na shehena ya nyama ya kondoo iliyogandishwa, safari ya siku 98. Ilipofika katika bahari za joto mabaharia waligundua kwamba hewa baridi haizunguki vizuri katika ghala. Nahodha wake, John Whitson, alijipenyeza mwenyewe ndani akakata kwa msumeno matundu mengine ya kupitisha hewa. Alikaribia kufa kwa baridi, akavutwa nje kwa kamba. Nyama ikafika salama, na tangu hapo biashara ya nyama ya New Zealand ikasimama. Nahodha yule hakuwa na mashini mpya ya kuweka. Aliifungulia njia hewa ya mashini ile ile aliyokuwa nayo.

Sasa nenda kwenye chumba cha baridi cha mboga au cha nyama hapa kwetu. Mara ngapi twakuta makreti yamepangwa mpaka darini, yameliziba feni, halafu mwenyewe analalamika kwamba chumba hakipoi? Acheni nafasi ya kupita hewa kati ya mzigo na ukuta, na mbele ya feni msiweke kitu.

"ARUSHA KUNA BARIDI"

Kuna maneno tunayoyasikia kila siku, nayo yanatuumiza. Mtu husema: "Hayo ni mambo ya Tanga na Dar es Salaam. Hapa Arusha kuna baridi, mtambo haupati taabu."

Ni kweli kwamba wenzetu wa pwani wana joto na chumvi ya bahari inayokula chuma. Lakini sisi nasi tuna yetu. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi: ikilinganishwa na hewa ya pwani yenye joto lile lile, karibu sehemu moja katika kila saba haipo. Hewa ndiyo inayolibeba joto la kondensa. Hivyo feni ya Arusha hupuliza hewa iliyo pungufu, na uchafu kidogo huumiza zaidi. Baridi ya mwezi wa Juni na Julai husaidia, lakini mwaka una miezi kumi na miwili.

La pili ni vumbi. Mlima wetu ni wa volkano, na udongo wake ukikauka huwa laini kama unga. Masika ikiisha na kiangazi kikaingia, vumbi hilo hupanda toka barabara za udongo na mashamba, likaingia kila tundu. Mwenye duka kando ya barabara ya vumbi asingoje kuambiwa na fundi. Apitishe kidole chake juu ya kondensa, kisha akitazame.

La tatu ni umeme unaokatika na kurudi. Umeme ukikatika, ndani ya mabomba gesi bado ina nguvu nyingi upande mmoja. Ukirudi mara hiyo hiyo, kompresa hulazimishwa kuanza kazi na mzigo mzito kifuani. Iache ipumzike dakika tano kwanza. Kile kifaa kidogo cha kinga ya friji, kinachochelewesha umeme na kuukata ukizidi au ukipungua, si pambo la dukani. Na kwa mitambo mikubwa ya umeme wa njia tatu, jambo la hatari kabisa ni njia moja kukatika na mbili kubaki. Mota hujaribu kuendelea, ikapata moto, ikaungua. Hapo hapana budi kuweka kifaa cha kuizima yenyewe.

GESI HAILIWI

Sasa tuseme juu yetu sisi mafundi, maana haifai kuwalaumu wenye mitambo peke yao.

Wako baadhi yetu ambao kila wakiitwa, dawa yao ni moja: "Gesi imekwisha, tujaze." Baada ya miezi mitatu huitwa tena, nao hujaza tena. Mwenye bucha hulipa, akadhani kwamba jokofu hula gesi kama taa inavyokunywa mafuta.

Ndugu wananchi, gesi ya jokofu hailiwi wala haichakai kwa kuzunguka. Imo ndani ya mabomba yaliyofungwa, na yapasa ikae humo miaka yote ya uhai wa mtambo. Ikiwa imepungua, basi imevuja. Na ikiwa imevuja, pana tundu. Fundi wa kweli hulitafuta tundu hilo kwa povu la sabuni au kwa kifaa cha kunusa gesi, akaliziba, akaondoa hewa na unyevu ndani ya mabomba kwa pampu, ndipo akajaza kwa kipimo. Asiyefanya hivyo anakuuzia ugonjwa wako mwenyewe kila baada ya miezi mitatu. Mwulizeni fundi swali moja tu: "Tundu liko wapi?" Asipoweza kuwaonyesha, msilipe kwanza.

Tena gesi inayoachiwa hewani haipotei bure. Zile za zamani huitoboa tabaka ya ozoni inayotukinga na miale mikali ya jua; ndiyo sababu mwaka 1987 ukafanywa Mkataba wa Montreal, ambao nchi zote za dunia zimeukubali, na yetu ni mojawapo. Gesi ya R-22, iliyojaa katika vyumba vingi vya baridi, inaondolewa hatua kwa hatua katika nchi zinazoendelea, nao mwaka uliowekwa kuwa wa kuikomesha ni 2030. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, jirani zetu, wakakubaliana kupunguza na zile gesi zilizoshika nafasi yake, kwa kuwa zinaongeza joto la dunia. Kwa hiyo mwenye mtambo wa R-22 ajue kwamba kila mwaka gesi yake itakuwa adimu zaidi. Tundu analolipuuza leo litamgharimu zaidi kesho.

Na majokofu mengi madogo ya siku hizi yanatumia R-600a, gesi inayowaka moto. Fundi asiyesoma kibandiko akawasha moto wa kulehemu kabla ya kuitoa yote, anaweza kuunguza duka na yeye mwenyewe. Vijana, someni kibandiko kwanza!

KILA KITU NA BARIDI YAKE

Matunzo si kusafisha tu; ni pamoja na kujua mtambo unatakiwa kufanya nini. Wapo wanaozungusha kitufe mpaka mwisho wakisema, "Baridi ikizidi ndiyo vizuri." Hapana.

Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la mwili wake, karibu digrii 38, nayo yatakiwa yashuke hadi digrii 4 upesi iwezekanavyo. Katika joto, kijidudu kinachogawanyika kila nusu saa huwa zaidi ya elfu moja baada ya saa tano. Nyama mbichi hukaa vizuri kati ya digrii 0 na 4. Ya kugandishwa hutaka digrii 18 chini ya sifuri. Maua ya waridi yanayokwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hupenda digrii 2 hadi 4. Lakini ndizi zetu ukizishusha chini ya digrii 13 ganda lake huwa jeusi na haziivi sawasawa, na nyanya nazo huharibika zikitiwa katika baridi ya maziwa. Chama cha ushirika kinachoweka ndizi, nyanya na maziwa katika chumba kimoja kinajidanganya.

Na chanjo za watoto wetu zataka digrii 2 hadi 8, wala zisizidi wala zisipungue. Ziko chanjo ambazo zikiganda mara moja tu, nguvu yake imekufa, ijapokuwa ukizitazama kwa jicho huoni tofauti. Mama amembeba mtoto wake toka mbali, mtoto amechomwa sindano, amelia, amerudi nyumbani bila kinga. Hapo jokofu lisilopimwa limemdanganya mama, mtoto na muuguzi pamoja. Ndiyo maana zahanati hupima joto la jokofu la chanjo na kuliandika kila siku, asubuhi na jioni. Sisi wenye mabucha na maziwa twashindwa nini kuiga?

KAZI YENYEWE

Sasa tuseme yatupasayo kufanya. Mengi hayahitaji fundi.

Kila siku, asubuhi na jioni, tazama kipimajoto, uandike katika daftari: tarehe, saa, digrii, na sahihi ya aliyetazama. Daftari hilo ndilo daktari wa mtambo. Jokofu lililokuwa likisoma 4 mwezi mzima, likaanza kusoma 5, kisha 6, linakuomba msaada siku nyingi kabla ya kufa. Kituo kile cha Meru kingekuwa na daftari, maziwa yale yasingemwagwa.

Kila juma, zima umeme kwenye swichi, kisha safisha kondensa kwa brashi laini kufuata njia ya mabati. Usitumie maji ya nguvu, yatayalaza mabati yale membamba na hewa haitapita. Safisha pia bomba la kutolea maji. Likiziba, maji hujaa ndani, yakaoza, yakanuka.

Kila mwezi, kagua mpira wa mlango. Bana noti ya shilingi elfu moja kati ya mlango na fremu, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka, na baridi yako inatoka hapo hapo. Kagua na barafu. Barafu nene juu ya wavu wa ndani haiongezi baridi, huifungia isitoke. Iyeyushe kwa kuzima mtambo na kuufungua mlango. Usiichokoe kwa kisu! Majokofu mangapi tumeyapokea yametobolewa bomba kwa kisu cha jikoni, na gesi yote imekwenda!

Kila miezi sita, mwite fundi aliyesomea. Apime umeme unaovutwa na kompresa, akaze nyaya zilizolegea, apime nguvu ya gesi, atafute mivujo, aangalie mafuta na feni. Wakati mzuri ni kabla ya kiangazi kukaza, na tena kabla ya sikukuu za Desemba, ambapo mabucha na hoteli hujaa.

Wenye hoteli, nanyi mna mitambo ya maji ya moto. Maji yakichemshwa huacha ukoko ndani kama mnavyouona katika birika, nao huzuia moto usiyafikie maji. Usafishwe. Lakini kubwa kuliko yote ni ile vali ya usalama inayotoa mvuke nguvu ikizidi. Mtu asiifunge kwa waya kwa sababu inadondosha maji. Boila iliyofungwa vali ni bomu lililowekwa karibu na mpishi.

"HATUNA FEDHA"

Najua yuko atakayesema: "Maneno ni mazuri, lakini fedha hatuna." Ndugu yetu, brashi ni bei gani? Daftari ni bei gani? Kipimajoto je? Kazi ya juma zima tuliyoitaja haifiki saa moja. Kompresa, ndizo hazitengenezwi hapa. Zanunuliwa ng'ambo kwa fedha ya kigeni iliyotokana na kahawa, maua na jasho la mkulima. Kila kompresa iliyokufa kwa vumbi ni magunia ya kahawa tuliyoyatupa.

Mwingine atasema: "Kisichoharibika usikiguse." Huyo hufanya hivyo na ng'ombe wake? Mfugaji wa Meru hangoji ng'ombe aanguke ndipo amkate majani. Humwogesha kupe, humpa maji, hutazama jicho lake kila asubuhi. Hekima hiyo tunayo. Tumeiacha mlangoni mwa chumba cha mtambo, kwa kudhani kwamba chuma hakichoki.

Lipo na jambo la mwisho, la uongozi. Katika vituo vingi mtambo ni wa wote, na kwa hiyo si wa mtu. Katibu hudhani mlinzi anautazama, mlinzi hudhani fundi atakuja, fundi hungoja simu. Viongozi wa ushirika, tunawasihi: katika mkutano wenu ujao mtajeni mtu mmoja kwa jina, apewe brashi, daftari na posho yake, na daftari lisomwe mbele ya wanachama kama hesabu za fedha zisomwavyo. Vijana wanaohitimu VETA na Chuo cha Ufundi Arusha wapo wanatafuta kazi. Wapeni mkataba wa kuutunza mtambo mwaka mzima, msiwaite siku ya msiba tu.

Kununua mtambo ni jambo la siku moja. Watu hukusanyika, utepe hukatwa, picha hupigwa. Lakini baridi hainunuliwi siku ile. Hutengenezwa upya kila saa, na mtu ambaye hakupigwa picha.

Yule mama mzee alitwambia neno tulipokuwa tukiondoka. Alisema, "Wanangu, kama ni vumbi tu, mngetuambia. Kufagia twajua."

Ndugu wananchi, tumewaambia. Kesho alfajiri, kabla ya mteja wa kwanza, tuanze kufagia.